Kuja Mombasa Mara ya Kwanza Kutoka Tanzania: Makosa Yanayowagharimu Wageni na Namna ya Kuyakwepa

Kila msimu wa likizo na harusi, wageni kutoka Tanga, Dar na Moshi humiminika Mombasa, na malalamiko wanayorudi nayo ni yale yale. Pesa zimeisha siku ya pili. Simu imepotelea kwenye kivuko cha Likoni. Hoteli iliyoandikwa "Mombasa" kumbe iko kaunti nyingine kabisa, na feri juu yake.

Mzizi wa karibu yote ni mmoja. Mgeni anasikia Kiswahili kila upande, anaona kina mama na leso zao (kanga), anakula mahamri kwa mbaazi, basi anajiachia kama yuko kwao. Hayuko kwao. Yuko nchi nyingine, sarafu nyingine, sheria nyingine, kwenye mji wenye bandari na haraka zake. Akilishika hilo tangu mpakani, mengine hurahisika.

Mwongozo huu umemlenga anayekuja kwa basi kupitia mpaka wa Horohoro (upande wa Tanzania) na Lunga Lunga (upande wa Kenya), maana ndiko wengi wanakopita. Fuata hatua kwa mpangilio, kwa sababu kosa la hatua ya tatu huharibu zote zinazofuata.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujapanda basi

- Pasi ya kusafiria, au hati ya dharura kutoka Uhamiaji. Kitambulisho cha NIDA peke yake hakikuvushi kihalali, hata kama jirani yako amekwambia yeye alipita.
- Kadi ya njano ya chanjo ya homa ya manjano. Chanjo ipigwe angalau siku 10 kabla ya safari. Tangu mwaka 2016 chanjo hiyo inahesabiwa kuwa ya maisha, kwa hiyo kadi yako ya zamani bado ni halali.
- Shilingi za Kenya kiasi cha siku ya kwanza, nyingi zikiwa noti za 50, 100 na 200.
- Mkoba mdogo wa kuvaa kifuani, na begi moja tu kubwa ambalo unaweza kulibeba mwenyewe bila kupumzika kila hatua kumi. Sababu utaiona Likoni.
- Simu yenye nafasi ya laini ya pili.
- Jina la mahali unapofikia pamoja na alama ya karibu: msikiti, shule, kituo cha mafuta. Mombasa watu huelekezana kwa alama. Ukitaja namba ya nyumba, dereva atakutazama tu.

## Hatua ya 1: Chagua pa kulala kwa kufuata shughuli iliyokuleta

Mombasa mjini ni kisiwa. Kusini kuna Likoni, na unavuka kwa feri. Kaskazini kuna Nyali, Kisauni na Bamburi, na unapita daraja la Nyali. Magharibi kuna Changamwe na Miritini, njia ya Makupa. Kutoka upande mmoja kwenda mwingine saa za msongamano si mchezo.

Umekuja kununua leso na viungo? Lala kisiwani. Umekuja kwa ajili ya pwani na watoto? Nyali au Bamburi. Umekodi nyumba Diani? Elewa kwamba Diani iko Kwale, unaifikia kabla ya Likoni ukitokea Lunga Lunga, na unateremkia Ukunda. Kuna familia hupitiliza mpaka mjini, zikavuka feri na mizigo, kisha zikavuka tena kurudi. Mtwapa nayo, ambayo hutangazwa sana, iko Kilifi.

Na ikiwa una mpango wa kuendelea Nairobi kwa treni ya SGR, kituo chake kiko Miritini, mbali na katikati ya mji. Hesabu muda wa barabarani na muda wa ukaguzi wa mizigo.

Umefaulu hatua hii ikiwa unaweza kusema, bila kufungua simu, utashuka wapi na utavuka maji mara ngapi.

## Hatua ya 2: Vuka mpaka bila haraka ya watu wengine

Kituo cha Horohoro na Lunga Lunga ni cha pamoja. Ukitoka Tanzania unahudumiwa na nchi zote mbili upande wa Kenya: kwanza dirisha la kugongewa kutoka, kisha la kugongewa kuingia. Raia wa Afrika Mashariki hahitaji viza, na muda wa kukaa unaweza kufika miezi sita, lakini mhuri ni lazima.

Kosa linalojirudia hapa ni la kumkabidhi pasi kijana anayejiita "msaidizi", eti foleni ni ndefu. Foleni ni ya bure. Kijana si wa bure. Tena kuna wanaorudishiwa pasi yenye mhuri mmoja badala ya miwili, wakaja kuulizwa maswali siku ya kurudi.

Kabla hujaondoka dirishani, fungua ukurasa utazame: mhuri wa kutoka, mhuri wa kuingia, na tarehe ya leo. Kisha iweke pasi mahali unapoifikia kwa urahisi, maana kati ya Lunga Lunga na Likoni, mwendo wa karibu kilomita 100, polisi husimamisha mabasi na kukagua.

## Hatua ya 3: Pesa. Hapa ndipo wengi huanguka

Hatari iko masikioni. Mtu wa Dar akisikia "elfu mbili" anafikiria soda na kitafunwa. Elfu mbili ya Kenya si hiyo. Kwa miaka ya karibuni shilingi moja ya Kenya imekuwa ikicheza kati ya 15 na 22 za Tanzania, kwa hiyo angalia kiwango cha siku yako. Kwa hesabu ya haraka ya kichwani, zidisha kwa mbili uongeze sifuri:

- 50 ya Kenya ni kama 1,000 ya Tanzania
- 100 ni kama 2,000
- 500 ni kama 10,000
- 1,000 ni kama 20,000

Dereva akikwambia "elfu mbili na mia tano", amekutajia kama elfu hamsini ya nyumbani. Fanya hesabu kabla ya kuitikia "sawa". Noti kubwa ya Kenya ni ya 1,000, na ukibadilisha laki tatu zako unapewa noti kumi na tano tu. Kibunda chembamba hicho ndicho pesa yako yote, kwa hiyo usishangae na usianze kuzitoa kama noti za elfu moja za Tanzania.

Sasa kubadilisha. Badilisha benki, au kwenye duka la fedha lenye kibali, hata kama kiwango ni kibaya kidogo. Wale wa mpakani wenye vibunda mkononi wana mchezo wao, nao unakwenda hivi. Anakutajia kiwango kizuri kuliko cha benki. Anahesabu noti mbele yako haraka haraka, lakini baadhi amezikunja katikati, kila moja inahesabika mara mbili. Ukihesabu mwenyewe unakuta pungufu. Hakatai hata kidogo! Anaomba radhi, anazichukua tena, anaongeza noti moja juu huku ukiiona, na kidole gumba kimeshavuta tatu kutoka chini. Anakurudishia zikiwa zimebanwa vizuri, na hapo hapo mwenzake anapiga kelele, "Askari hao!" Kila mtu anatawanyika, nawe unaingia kwenye basi ukiwa na furaha mpaka utakapohesabu.

Ukilazimika kubadilisha pale, badilisha kidogo tu cha nauli na chakula. Piga hesabu kwenye simu yako, usitumie kikokotoo chake. Zikishatoka mkononi mwako kwa ajili ya "kuongezewa", anza kuhesabu upya moja moja, au vunja biashara.

Jambo moja zaidi. Noti za zamani za 1,000 za Kenya zilikoma kutumika tarehe 1 Oktoba 2019. Kama shangazi alikuwekea moja kabatini, ni kumbukumbu tu. Na mpakani usikubali kupewa.

Mjini utasikia makondakta wakitaja nauli kwa lugha ya mtaani: ashu ni 10, mbao ni 20, finje ni 50, soo ni 100, thao ni 1,000. Huhitaji kuzisema. Inatosha kuzielewa.

Umefaulu ikiwa pesa yako imegawanyika sehemu tatu: ya leo mfukoni, ya akiba ndani ya nguo, na nyingine kwenye simu au begini. Na ukitajiwa bei, kichwa kinazidisha chenyewe.

## Hatua ya 4: Sajili laini ya Kenya siku ya kwanza

Mombasa kuanzia duka la jumla mpaka mama wa viazi karai wanapokea M-Pesa. M-Pesa yako ya Tanzania ni huduma nyingine, haitalipa kirahisi dukani. Nenda duka la Safaricom, kampuni yenye M-Pesa ya Kenya, na pasi yako, usajiliwe kwa jina lako. Usinunue laini iliyokwisha kusajiliwa kwa jina la mtu mwingine, hata kwa bei ya kutupa, kwa sababu siku ikifungwa pesa zako zimefungwa nayo.

Unapolipa, jina la mpokeaji hutokea kabla ya kuthibitisha. Lisome kwa sauti: "Nimeona Fulani, ni wewe?" Ukikosea namba, usianze kumbembeleza mtu kwa simu. Peleka ujumbe ule wa muamala kwenye namba 456 mara moja, ndiyo njia ya kuomba urudishiwe.

Utapata pia ujumbe unaodai umetumiwa pesa, na baada yake mtu anapiga akilia kwamba amekosea, umrudishie. Usitazame ujumbe. Tazama salio.

## Hatua ya 5: Vuka Likoni kwa akili

Matatu (daladala zenu) za kutoka Lunga Lunga na Ukunda huishia Likoni. Magari mengine siku hizi hupita barabara ya Dongo Kundu na kuikwepa feri, kwa hiyo muulize kondakta mapema ili ujue njia yako. Ukiwa wa Likoni, haya yafuate.

Feri kwa mtembea kwa miguu ni bure. Hakuna tikiti, hakuna "ada ya mgeni", hakuna mtu wa kumpa chochote ili upite. Gari ndilo linalolipiwa.

Asubuhi watu wote wanaelekea kisiwani kazini, jioni wanarudi Likoni. Ukiweza, vuka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa mchana. Feri ni usiku na mchana, hutakwama.

Simu iingie ndani kabla hujaingia kwenye kundi la watu. Mkoba uje mbele, mkono mmoja juu yake. Wizi wa Likoni haufanyiki katikati ya maji; unafanyika pale geti linapofunguliwa, watu mia kadhaa wanaposukumana kuteremka, mmoja akasimama ghafla mbele yako kama aliyedondosha kitu na mwenzake akakubana kwa nyuma. Ukihisi umebanwa hivyo, usiangalie chini. Shika mkoba, sogea pembeni, waache wapite. Feri nyingine inakuja.

Mteremko wa kuingilia huwa na maji na utelezi, hasa maji ya bahari yakiwa yamepwa na mteremko umesimama. Usikimbie. Wenyeji wanakimbia kwa sababu wanaujua.

Ukiwa umefika kwa basi au teksi, shuka uvuke kwa miguu yako. Mwezi Septemba 2019 gari liliteleza kinyumenyume kutoka kwenye feri likazama, na mama na mtoto wake waliokuwa ndani wakafariki. Ndani ya feri simama mbali na nyuma za magari na mbali na mikokoteni.

Mizigo ikikushinda, wapo hamali. Kubaliana bei kabla hajagusa begi, na tembea ubavuni mwake, si nyuma yake. Ndiyo maana nilisema begi moja.

Picha: usiipige feri, bandari, wala askari. Ukitaka picha ya bahari na meli zikipita, subiri ufike Mama Ngina jioni, pale ni huru na panapendeza zaidi.

Umefaulu ikiwa umetoka upande wa kisiwani, simu bado iko ndani, na hujalipa kitu ila hamali.

## Hatua ya 6: Matatu, tuktuk na usiku

Muulize nauli abiria mwenzako, usimuulize kondakta. "Samahani dada, hapa mpaka Posta ni ngapi leo?" Nimesema "leo" kwa makusudi: mvua ikinyesha, jioni ikifika, au sikukuu ikikaribia, nauli hupanda na hakuna wa kumshtakia. Toa pesa ndogo. Ukitoa noti ya 1,000 asubuhi, kondakta ataiweka chenji yako "baadaye", na baadaye yake ni wewe kushuka ukiwa umesahau.

Usikae dirishani ukichezea simu kwenye foleni. Inavutwa kutoka nje, na gari haliwezi kugeuka.

Tuktuk, bajaji yenu hiyo, ina mtego mmoja maarufu. Mnakubaliana mia mbili, mnafika, anasema ilikuwa mia mbili kila mtu. Dawa yake ni sentensi moja kabla ya kupanda: "Mia mbili sote, mpaka mlangoni?" Subiri ajibu ndiyo. Programu za teksi kama Bolt na Uber zinafanya kazi mjini, na hata usipozitumia, fungua utazame bei yake kabla ya kujadiliana na dereva wa pembeni.

Usiku, usitembee kwa miguu vichochoroni kwa sababu ramani ya simu imesema ni dakika nane. Mitaa ya ndani ya Kisauni na Likoni imewahi kusumbuliwa na magenge ya vijana wenye mapanga. Ukialikwa huko, mwenyeji wako aje akuchukue na akurudishe. Hatachukia, ndiyo adabu yetu.

## Hatua ya 7: Sokoni na Mji wa Kale

Leso na vikoi ni Biashara Street. Viungo ni Marikiti. Mitumba na mazao ni Kongowea, ng'ambo ya daraja la Nyali, na huko nenda asubuhi mapema na mkoba wako wa kifuani.

Ijumaa maduka mengi hufungwa kuanzia kama saa sita na nusu mpaka saa nane kwa ajili ya swala, na Jumapili mengi hayafunguliwi kabisa. Wageni wa siku mbili huipoteza moja hivi hivi.

Leso itandaze yote kabla ya kulipa: soma jina lake, yaani maneno yaliyoandikwa juu yake, tazama kama doti iko kamili na rangi zimeshika sawasawa pembeni. Jina baya ukishalipeleka kwa mama mkwe halifutiki. Viungo nunua vizima ukasage nyumbani. Vya kusagwa huwezi kujua vimechanganywa na nini. Kujadiliana bei kunaruhusiwa, lakini muuzaji akishakubali bei uliyoitaja mwenyewe, lipa. Kuondoka hapo ni utovu wa adabu na atakwambia wazi.

Mji wa Kale ni makazi ya watu. Vaa nguo za heshima, usimpige picha mtu wala mlango uliofunguka bila kuomba. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, na kula ukitembea barabarani kutakuletea macho.

Fort Jesus ina viwango tofauti vya kiingilio, na cha raia wa Afrika Mashariki ni nafuu kuliko cha mgeni wa mbali. Onyesha pasi dirishani. Uwe na pesa kwenye simu, usitegemee taslimu. Anayekukamata nje ya geti akisema yeye ndiye mwongozaji rasmi, mwambie utamchukua mwongozaji ukishaingia.

Maji ya bomba nyumba nyingi za kisiwani ni ya kisima na yana chumvi. Kuoga sawa, kunywa hapana. Nunua ya chupa, ukague kifuniko.

## Hatua ya 8: Bahari

Pwani ya umma ya Jomo Kenyatta, Bamburi, ambayo wenyeji wanaiita Pirates, haina kiingilio. Ulizia saa za maji kujaa na kupwa siku ile ile, maana husogea karibu dakika 50 kila siku. Ya jana si ya leo. Maji yakianza kujaa nawe uko mbali kwenye mwamba, rudi wakati huo huo. Mashua, ngamia na matairi ya kuogelea vyote bei yake ni ya kwenda na kurudi, na itajwe kabla. Mashua isiyo na jaketi za kuokolea usipande.

## Hatua ya 9: Kurudi nyumbani bila kesi

Badilisha noti zako mjini. Sarafu hakuna anayezibadilisha, kwa hiyo zimalizie kwenye mabuyu na kachiri za watoto.

Kurudi unahudumiwa upande wa Horohoro, mihuri miwili vile vile, na kadi ya njano iwe mkononi.

La mwisho ndilo zito zaidi. Miraa na muguka utaviona vikiuzwa Mombasa mchana kweupe, watu wakitafuna barazani. Tanzania huitwa mirungi, na mirungi ni dawa za kulevya kisheria. Shina moja lililosahaulika kwenye mfuko wa jaketi linatosha kukulaza ndani. Kagua mifuko yote kabla ya kupanda basi. Na abiria mwenzako akikuomba umshikie kifurushi "mpaka tuvuke tu", kataa, hata akiwa mama mtu mzima mwenye heshima zake na tasbihi mkononi.